Iten hadi Bonde la Kerio kwa baiskeli: mwongozo wa kushuka na kurudi

Milima mingi ya baiskeli unaianza chini. Unapanda ukiwa na nguvu mpya, unafika juu umechoka, halafu mteremko unakurudisha nyumbani bila jasho. Barabara ya lami itokayo Iten, mji wa wakimbiaji magharibi mwa Kenya, kwenda Kabarnet imepindua mpango huo. Unalala juu, karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi unatoka mjini, na muda si mrefu ardhi inakatika mbele yako, Bonde la Kerio lote likiwa chini ya macho. Unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa nusu saa na ushei. Deni lote la siku linabaki la kurudi, na unalilipa jua likiwa limepanda, huku hewa ikizidi kuwa nyepesi kila unapokaribia nyumbani.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hapa ngoma ziko mbili. Kushuka kunataka adabu, lakini ngoma inayokesha ni ile ya kurudi. Kila ninachokuambia hapa chini, kuanzia gia utakazofunga hadi saa utakayogeuza, nimekipima kwa swali moja: kitanisaidia vipi kurudi juu?

Kwa wanaofuatilia Tour de France, kuna kipimo kizuri. Alpe d'Huez ina kona 21 katika kilomita 13.8, unapanda takribani mita 1,100, na ukimaliza uko kwenye mita 1,850 hivi. Kutoka Biretwo, chini bondeni, hadi Iten, mwinuko unaoupanda unakaribiana na huo, ila umetandazwa kwenye kilomita kama 20. Ni mpole zaidi kwa miguu. Kwa mapafu si mpole, kwa sababu unamaliza mita 500 hivi juu zaidi ya Alpe d'Huez.

Hatua ya kwanza: zoea hewa kabla ya kuzoea barabara

Watu husema Iten hakuna oksijeni. Oksijeni ipo, asilimia ileile 21 ya hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Kilichopungua ni mgandamizo: kwenye mita 2,400 unabaki kama robo tatu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Moyo unaenda mbio hata ukiwa umekaa, usiku usingizi unakatikakatika, koo linakauka. Upumuaji hujirekebisha ndani ya siku chache, ila damu kuongeza chembe nyekundu ni kazi ya wiki kadhaa. Ukija kwa wiki moja tu, usitarajie damu mpya. Tarajia kuzoea kupumua, basi.

Siku ya kwanza tembea kwa miguu tu, hata kama baiskeli imeshafungwa na inakutazama. Siku ya pili nyonga saa moja kwenye barabara ya kuelekea Eldoret, ambayo hupanda na kushuka kidogo kidogo, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuikata. Siku ya tatu fanya hivyohivyo, ongeza nusu saa. Siku ya nne ukiamka kichwa hakigongi na umelala vizuri, uko tayari kuanza kuushuka ukingo.

Kichwa kinachouma bila kutulia, kichefuchefu au kizunguzungu ni amri ya kupumzika. Dalili zikizidi, shuka mahali pa chini zaidi na umwone daktari. Na hili naliweka wazi kwa sababu katika ukanda wetu linawahusu wengi: mwenye ugonjwa wa seli mundu asije kupanda milima ya kiwango hiki kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana uhaba wa oksijeni unaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye pumu naye abebe dawa yake mfukoni, asiiache chumbani.

Jambo dogo la mezani. Chai ya maziwa ya Iten ni tamu na utaitaka kila saa, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na hayo ndiyo mwili unayatumia kutengeneza damu. Kula maharage yako, mboga na nyama kwanza. Chai isubiri saa moja.

Hatua ya pili: gia na breki

Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa mitumba kwetu zilifungwa gia za watu wa tambarare: meno 39 mbele kwenye duara dogo, meno 25 nyuma. Piga hesabu pamoja nami. Kwa gia hiyo, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 3.3. Kwenye mwinuko huu mwendeshaji wa kawaida anakwenda kama kilomita 9 kwa saa, yaani mita 150 kwa dakika. Maana yake atazungusha pedali mara 46 tu kwa dakika, kila mzunguko ukiwa kama kunyanyua gunia, kwa saa mbili. Magoti hayatamsamehe.

Funga meno 34 mbele na 34 nyuma, na mzunguko mmoja unakuwa mita 2.1. Mwendo uleule wa kilomita 9 unaupata kwa mizunguko 70 hivi. Miguu inazunguka, misuli haikazani. Kama fundi anakuambia gia hizo ni za wanyonge, tafuta fundi mwingine. Kabla hujalipa, hakikisha dereva ya nyuma, yaani kile kikono kinachohamisha cheni, ina urefu wa kubeba sproketi, lile gurudumu la meno la nyuma, iliyo kubwa. Fupi itakwama au kung'oka.

Upande wa breki, kagua raba kabla ya safari yoyote. Mistari iliyochongwa kwenye raba ikishafutika, badilisha. Vuta kila waya kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama: mkono wa breki ukigusa usukani, breki haifai kwa mteremko huu. Wenye breki za diski watazame unene wa pedi na wasikilize kama chuma kinasaga chuma. Na kama una rimu za kaboni zenye breki za raba, ushauri wangu ni kuziacha nyumbani. Zikipata joto la kushikwa breki kwa muda mrefu zinaweza kuharibika, na mahali pa kugundua hilo si kwenye kona ya juu ya Tambach.

Tairi za milimita 28 ndizo ninazozipenda hapa. Kwa mtu wa kilo 65 hivi, upepo wa pauni 70 mbele na 75 nyuma unatosha. Ukijaza hadi 110 kama walivyofanya wazee wetu, baiskeli itarukaruka kwenye viraka vya lami na kushikilia vibaya konani.

Beba tyubu mbili, viraka na gundi yake, vijiti vya kutolea tairi, pampu ya mkono, kifaa cha kukatia cheni, simu yenye chaji na nauli ya matatu. Nauli usiione kama aibu. Siku mwili umekataa, matatu ya kurudi Iten hubeba baiskeli juu.

Hatua ya tatu: shuka kwa awamu

Usiende hadi chini siku ya kwanza. Barabara hii ina ngazi zake za asili, zitumie.

Safari ya kwanza, ishia Kessup, kwenye rafu ya ardhi iliyojitokeza chini kidogo ya ukingo. Ni fupi, na inakufunza jinsi breki zako zinavyofanya kazi na jinsi mapafu yanavyopokea kupanda. Safari ya pili, shuka hadi Tambach, kwenye chuo cha ualimu, mji uliokuwa makao ya utawala wakati wa ukoloni kabla Iten haijakua. Ukirudi kutoka hapo ukiwa bado unaweza kuzungumza, safari ya tatu nenda hadi Biretwo, sakafuni mwa bonde.

Wengi hutaka kuendelea hadi daraja la Chebloch, ambapo Mto Kerio umejichimbia korongo jembamba na vijana wa pale hujitupa majini kutoka juu ya miamba. Nenda ukatazame, pana uzuri wake. Kumbuka tu kwamba kila kilomita unayoongeza kule chini inaongezwa kwenye deni. Kufika Kabarnet, juu ya vilima vya Tugen, na kurudi Iten siku hiyohiyo ni zaidi ya kilomita 100 na zaidi ya mita 2,000 za kupanda. Hiyo ni safari ya mtu aliyekaa huku wiki tatu, si ya mgeni.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Mvua ndefu huanza Machi au Aprili, na nyanda hizi za juu za magharibi huendelea kupata mvua hata Julai na Agosti, tofauti na alivyozoea mtu wa pwani au wa Nairobi. Mvua huleta mawe na kokoto kutoka kuta za mlima hadi kwenye lami.

Na usalama: sehemu za kaskazini za bonde, mipakani mwa Wamarakwet, Watugen na Wapokot, zimewahi kusumbuliwa na mashambulizi ya wizi wa mifugo. Barabara ya Kabarnet iko kusini zaidi, lakini hali hubadilika. Uliza Iten jioni ya kabla ya safari, uliza matatu, uliza boda boda. Salimia kwa "chamgei" kwanza, halafu uliza.

Hatua ya nne: kushuka

Toka saa moja asubuhi, jua likishachomoza. Kabla ya hapo kuna giza na wakati mwingine ukungu. Kule juu ni baridi na upepo wa mteremko unaongeza baridi nyingine, na vidole vilivyoganda havishiki breki. Vaa glavu na jaketi nyepesi ya kuzuia upepo. Kama huna, tandika gazeti kifuani ndani ya fulana. Waendesha baiskeli wamelitumia miaka mingi na linafanya kazi. Bondeni joto linaweza kupita nyuzi 30, kwa hiyo jaketi iwe ya kukunjwa mfukoni.

Shika sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili kwenye kila breki. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukishaingia konani, legeza. Mtu anayeshika breki katikati ya kona, hasa ya mbele, anaiomba tairi ifanye kazi mbili kwa wakati mmoja, na tairi huchagua kuteleza. Pedali ya upande wa nje iwe chini na uikanyage kwa uzito wako. Macho yatazame unakotaka kutokea. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni.

Kati ya kona usiburute breki mfululizo. Kamata kwa nguvu, achia, acha rimu zipoe, kamata tena. Ukisikia harufu ya raba kuungua, simama mahali palipo wazi, tazama bonde dakika tano. Baiskeli ikianza kutetemeka kwa kasi, usikaze mikono. Bana bomba la juu kwa magoti, sogeza uzito nyuma, punguza mwendo taratibu.

Huku tunapita kushoto. Kona inayopinda kulia inakuvuta uikate kupitia katikati ya barabara. Usithubutu, kwa sababu lori linalopanda nalo huchukua nafasi kubwa konani na dereva hatarajii kukuona. Mbuzi ni wa kutazamwa kuliko magari. Gari utalisikia, lakini mbuzi anatoka kichakani kimya, na nyuma ya mbuzi mmoja wapo wengine watano. Karibu na shule na vituo vya soko kuna matuta, na mengine hayana rangi.

Suleiman Kangangi wa Eldoret, nahodha wa Team Amani, timu ya baiskeli ya Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 kwa ajali mashindanoni Vermont, Marekani. Alikuwa miongoni mwa waendeshaji stadi kabisa tuliopata kuwa nao Kenya. Namkumbuka kila ninapofunga helmeti pale juu. Kasi ya kwenye mteremko haina mshindi siku ya mazoezi. Dakika tatu utakazookoa kwa kushuka kama wazimu hazikusaidii hata chembe kwenye saa mbili za kupanda.

Hatua ya tano: chini, usikae

Ukifika Biretwo saa mbili kasorobo, utajisikia bingwa. Hewa ni nzito na tamu, miguu haijafanya lolote, jua bado la upole. Huu ndio mtego. Mara yangu ya kwanza nilizunguka bondeni nikifurahia tambarare, nikala maembe, nikaketi kivulini na vijana, nikaanza kupanda saa sita mchana. Maji yaliniishia kabla ya Tambach. Nilisukuma baiskeli kwa miguu kilomita nzima, kichwa kikivuma, hadi mama mmoja mwenye kibanda akanikalisha kwenye kiti chake na kunipa maji kabla hata sijamwamkia. Sikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimekosea saa tu.

Kwa hiyo: dakika 20, zisizidi. Vua jaketi. Jaza chupa zote mbili, maji ya dukani au yaliyochemshwa. Kula kitu kabla njaa haijasema. Nunua embe kama ni msimu, Kerio ina maembe mazuri, lakini lile la kula bondeni liwe moja, mengine yabebe. Paka mafuta ya kukinga jua kwa walio na ngozi ya kuungua, na kofia nyembamba chini ya helmeti kwa wote. Saa mbili na robo, au na nusu ukichelewa, geuza.

Ukilazimika kulala bondeni, lala ndani ya chandarua. Juu Iten baridi huwapunguza mbu wa malaria, chini wapo.

Hatua ya sita: kupanda

Mwendeshaji wa kawaida aliyejizoeza hupanda mita 600 hadi 800 za mwinuko kwa saa. Kwa mita 1,100 hivi, jiandae kwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Gawanya mlima mara mbili, Tambach ikiwa katikati ya akili yako.

Sehemu ya kwanza, hadi Tambach, panda ukijizuia. Hapa ndipo watu huuharibu mlima, maana hewa ya chini inawadanganya kwamba wana nguvu za jana. Mwendo sahihi ni ule unaoona ni wa polepole mno. Ukiweza kusema sentensi nzima, vizuri. Ukisema maneno mawili mawili, shusha gia. Kaa kwenye kiti muda mwingi. Kila dakika kumi simama juu ya pedali kwa sekunde 20 mgongo unyooke, ukipandisha gia moja kabla ya kusimama ili baiskeli isirudi nyuma. Kwenye kona, pita upande wa nje ambako mwinuko ni mdogo, pale tu unapoona mbele na hakuna gari, na usiache upande wako wa barabara.

Kunywa kila dakika kumi, mafunda mawili matatu, jumla isipungue robo tatu ya lita kwa saa kwenye joto hilo. Chupa moja iwe maji matupu, nyingine weka glukosi na chumvi kidogo. Kwa chakula, lenga gramu 60 za wanga kwa saa: ndizi moja ya wastani ni kama 25, soda ndogo ya mililita 300 ni kama 30. Ndizi moja na soda moja kwa saa, umefika karibu kabisa, na vyote vipo vibandani.

Simama Tambach dakika tano. Jaza maji tena.

Sehemu ya pili ni ya kupumua. Joto linapungua, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini oksijeni nayo inapungua kila kona, na nguvu uliyokuwa ukitoa chini hutaipata. Usishindane na namba kwenye kompyuta ya baiskeli. Toa pumzi yote nje kwa makusudi, tumbo likiingia ndani. Kuvuta kutajifanya kwenyewe. Wengi hukosea kwa kuvuta vipumzi vifupi vya juu juu na kuishia na kizunguzungu. Zungusha pedali 70 hadi 80 kwa dakika ukiweza. Ukipitwa na mtoto wa shule anayekimbia kwenda nyumbani, na utapitwa, mwachie njia na umsalimie. Uko Iten.

Kilomita mbili za mwisho usiongeze kasi hata ukiuona ukingo. Ukishapita juu kabisa, zungusha gia nyepesi dakika kumi hadi mjini. Saa nne na nusu uwe umeshaingia.

Baada ya kurudi

Vaa kitu kikavu mara moja, jasho la bondeni hugeuka barafu kule juu. Kunywa maji, kula ndani ya saa moja: ugali, mboga, mayai au nyama, na bilauri ya mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, kama tumbo lako limeizoea; kama hujaizoea, anza na nusu. Futa cheni, tia mafuta, tazama raba za breki, maana mteremko mmoja huu huzila kuliko mwezi mzima wa tambarare. Andika saa uliyopita Tambach na saa uliyofika juu. Ukitoka safari ya pili na muda wa kipande cha juu umepungua huku cha chini kikibaki vilevile, hewa imeanza kukukubali. Kesho yake lala, au tembea hadi ukingoni ukaitazame barabara yenyewe ikijikunja kule chini.